Kwa Nini Turbini Haikudumu Kwenye Magari ya Umeme ya Kasi

Mwaka 1977, kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo, Toyota waliweka jukwaani gari dogo la viti viwili, Sports 800, ambalo lilikuwa limeng'olewa injini yake ya pistoni. Mahali pake palifungwa turbini ndogo, ya ukoo mmoja na injini ya ndege, iliyozungusha jenereta. Jenereta ililisha betri, na mota ya umeme ndiyo iliyosukuma magurudumu. Tangu hapo wazo hilo limerudi mara nyingi na kwa matumaini yale yale: kwa Volvo wa Sweden mwaka 1992, General Motors wa Marekani mwaka 1998, Capstone wa California mwaka 2009, Jaguar wa Uingereza mwaka 2010, Techrules wa China mwaka 2016, kisha Ariel, Waingereza wengine, mwaka 2017. Hawa hawakuwa wababaishaji. Walikuwa wahandisi waliobobea, baadhi yao wakiwa na viwanda vikubwa nyuma yao. Mbona basi wazo lililowavutia watu wa aina hiyo kwa miaka arobaini halikuzaa gari ambalo mtu angeweza kuingia dukani akalinunua? Jibu linalosikika sana ni kwamba wakati ulikuwa bado, au fedha ziliisha, au wenye viwanda walikosa moyo. Mimi nashikilia jibu jingine. Umeme uliiondolea turbini kasoro zake zote za zamani isipokuwa moja, na kwa kuziondoa, ukaiondolea pia sababu ya kuwamo garini.

Tuanze na kasoro zenyewe, maana bila kuzijua hatutaelewa umeme uliitwa kuja kutibu nini. Kampuni ya magari ya Rover ya Uingereza iliijua turbini kutokana na Vita vya Pili vya Dunia. Wahandisi wake walipewa kazi ya kuiendeleza injini ya ndege ya Frank Whittle, hadi mwaka 1943 kazi hiyo ilipokabidhiwa kwa Rolls-Royce, na Rover wakapewa injini ya vifaru badala yake. Mradi ulikwenda, ujuzi ukabaki. Machi 1950 Rover walionyesha JET1, gari la kwanza duniani kuendeshwa kwa turbini ya gesi, na mwaka 1952 lilipimwa huko Jabbeke, Ubelgiji, likapita kwa karibu kilomita 245 kwa saa. Sifa zake zilikuwa za kweli. Turbini haina pistoni za kupanda na kushuka, haitikisiki, haihitaji rejeta, na inakubali petroli, dizeli au mafuta ya taa. Lakini JET1 lilikunywa lita 40 na zaidi kwa kila kilomita 100. Tena dereva akikanyaga mafuta, gari halikuitika papo hapo, kwa sababu gurudumu la turbini lilihitaji muda kupanda kutoka mzunguko mdogo hadi mkubwa. Na huo uitwao mdogo haukuwa mdogo: turbini ya magari ambayo Chrysler waliwaazima familia 203 za Marekani kati ya 1963 na 1966 ilizunguka zaidi ya mara 18,000 kwa dakika hata gari likiwa limesimama kwenye taa, ikiunguza mafuta bila kwenda popote.

Hapo ndipo ilipo siri ya mashine hii. Turbini hupenda kufanya kazi moja, kwa kasi moja, kwa muda mrefu. Ikipewa kazi hiyo, hung'ara. Kwenye mbio za Indianapolis za mwaka 1967, ambako gari huzunguka njia ya duara likiwa karibu na nguvu zake zote muda wote, Parnelli Jones aliongoza kwa mizunguko 171 kati ya 200 akiendesha gari la turbini, na akakwama mizunguko mitatu tu kabla ya mwisho kwa sababu ya beringi ya gia. Turbini yenyewe haikuwa na tatizo. Kwenye mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1965, gari la Rover na timu ya mbio ya BRM lililoendeshwa kwa zamu na Graham Hill na Jackie Stewart lilimaliza la kumi, ingawa mapanga ya turbini yake yalikuwa yameumia. Lakini barabara ya kawaida si Indianapolis. Pale gari husimama, huondoka, hupunguza mwendo, hupanda kilima, husimama tena, na kila badiliko la namna hiyo ni hasara kwa turbini. Ndiyo sababu Rover, baada ya miaka kumi na mitano ya kazi nzuri, hawakuuza hata gari moja la turbini kwa raia.

Dawa ilikuwa imeshapatikana kabla ya ugonjwa. Mwaka 1900 Ferdinand Porsche, akiwa kijana kwenye karakana ya Lohner mjini Vienna, aliunda gari lililoitwa Semper Vivus. Injini zake mbili ndogo za petroli hazikugusa magurudumu kabisa. Zilizungusha jenereta, na mota zilizofungwa ndani ya magurudumu ya mbele zikalivuta gari kwa umeme. Mpangilio huo unaitenganisha injini na barabara. Dereva anaweza kukanyaga na kuachia atakavyo, betri ikameza misukosuko yote, huku injini ikiendelea na mwendo wake mmoja bila habari. Kwa pistoni huo ni msaada mdogo, kwa kuwa pistoni huvumilia mabadiliko. Kwa turbini ni ukombozi. Uvivu wa kuitika unatoweka, maana mota ya umeme huitika mara moja. Mafuta ya kusimama kwenye taa yanaokolewa, maana turbini inazimwa. Hata sanduku la gia, lile lililomwangusha Jones, halihitajiki tena.

Volvo ndio waliolifikisha wazo hili kwenye umbo safi. Gari lao la ECC la mwaka 1992 lilikuwa na jenereta iliyofungwa kwenye shafti ile ile ya turbini, bila gia katikati, vyote vikizunguka pamoja mara 90,000 kwa dakika. Mtu aliyezoea jenereta ya dizeli ya nyuma ya duka afikirie kasi hiyo: ni mara 1,500 kila sekunde. Mashine inayozunguka hivyo huweza kuwa ndogo ajabu kwa nguvu inayotoa. Miaka sita baadaye General Motors walifunga turbini ya kampuni ya Williams International, yenye uwezo wa kilowati 40, ndani ya gari lao la umeme la EV1 lililorefushwa likatosha watu wanne. Wakati huo California ilikuwa imeshatoa kanuni ya mwaka 1990 iliyowalazimisha watengenezaji wakubwa kuuza magari yasiyotoa moshi, na betri zilizokuwepo zilikuwa nzito na zenye umbali mfupi. Sababu ya kutafuta jenereta ndogo, nyepesi na safi ilikuwa ya dhati. Turbini ilikuwa nyepesi. Ilikuwa safi pia, kwa sababu moto wake huwaka bila kukatika kwenye hewa tele, tofauti na silinda ambamo moto huwashwa na kuzimika maelfu ya mara kwa dakika.

Kasoro iliyobaki ni ulaji wa mafuta, na hii haitokani na uzembe wa mtu yeyote. Inatokana na udogo wenyewe. Karibu theluthi mbili ya nguvu inayozaliwa na turbini hurudi kuendesha kompresa yake yenyewe, ile inayoshindilia hewa kabla ya moto. Kinachobaki ndicho mauzo. Kwa hiyo kila upotevu mdogo kwenye kompresa hulipwa mara mbili. Sasa tazama ncha ya panga la turbini na ukuta wa chuma unaoizunguka. Lazima paachwe nafasi, ama sivyo chuma kitasugua chuma. Kwenye injini kubwa ya ndege, panga ni refu na nafasi hiyo ni sehemu ndogo sana ya urefu wake. Kwenye turbini ya gari, ukichukua panga la milimita 5 na nafasi ya milimita 0.2, umeshaachia asilimia 4 ya njia ya hewa wazi, na hewa ikipata njia ya mkato haifanyi kazi. Joto nalo linakataa. Mapanga ya ndege hutobolewa mifereji ya ndani ya kupitisha hewa ya kupoza, yakaweza kukaa kwenye gesi ya nyuzi joto zaidi ya 1,500. Panga lenye ukubwa wa ukucha halina mahali pa kutoboa mfereji, kwa hiyo moto wake lazima ushushwe hadi kiwango ambacho chuma kitavumilia kikiwa uchi. Mafundi wa turbini wamejitahidi kuziba pengo hilo kwa kibadilisha joto, sanduku la mabati membamba linalochukua moto wa ekzosi na kuurudisha kwenye hewa inayoingia. Kinasaidia sana: Rover walipokifunga mwaka 1965 walikaribia kukata matumizi yao ya mafuta nusu. Lakini ni kikubwa, na wepesi ndio ulioileta turbini garini. Turbini ya Capstone ya kilowati 30, mojawapo ya zilizofaulu zaidi sokoni, hugeuza kuwa umeme asilimia 26 ya nishati ya mafuta yake pamoja na msaada wa sanduku hilo. Injini ya pistoni ya Prius, gari mseto la Toyota, ya mwaka 2015 ilifikia 40.

Ukiwa na tarakimu hizo mkononi, lisome upya gari lililowapagawisha watu kuliko yote, Jaguar C-X75 la maonyesho ya Paris ya mwaka 2010. Lilikuwa zuri kupita kiasi, na ninalisema hilo kwa moyo mmoja. Kila gurudumu lilikuwa na mota yake ya kilowati 145, jumla kilowati 580. Nyuma ya viti zililala turbini mbili za kampuni ya Bladon Jets ya Uingereza, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 35 tu na uwezo wa kilowati 70, zikizunguka mara 80,000 kwa dakika. Jaguar waliahidi kilomita 110 kwa betri pekee na 900 turbini zikisaidia. Tufanye hesabu. Tukizikadiria turbini hizo ufanisi wa robo, kiasi ambacho si cha kuzionea, basi kutoa kilowati 140 zote kwa saa moja kungehitaji mafuta yenye kilowati-saa 560. Lita moja ya dizeli ina kama kilowati-saa 10. Ni lita 56 kwa saa. Kwa mwendo wa utulivu turbini zisingefanya kazi mfululizo, kwa hiyo ahadi ya kilomita 900 haikuwa uongo. Lakini mnunuzi wa gari la kilomita 330 kwa saa hanunui utulivu. Pale pale gari lilipotakiwa kuwa gari la kasi, kirefusha safari chake kingegeuka mlafi.

Mei 2011 Jaguar walitangaza kwamba C-X75 litatengenezwa, magari 250 tu, kwa ushirikiano na Williams wa Formula 1. Turbini zilitupwa nje. Nafasi yao ilichukuliwa na injini ya lita 1.6 ya silinda nne. Desemba 2012 mradi mzima ulifutwa. Wapo wanaosema uchumi mbaya uliliua gari la turbini, na ndio pingamizi la kwanza ninalopaswa kulijibu. Tarehe zinalijibu: turbini ilikufa kwanza, katika tangazo lile lile lililojaa matumaini na fedha, na gari likaishi bila yake mwaka mmoja na nusu zaidi. Mtindo huo tunauona kwa wengine pia. Toyota, waliokuwa na turbini na betri kwenye gari moja mwaka 1977, walipokuja kuuza gari mseto mwaka 1997 waliuza Prius yenye pistoni. Walikuwa na muda wa miaka ishirini, na fedha hazikuwa shida yao.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Inasemwa kwamba ufanisi si hoja kubwa kwa mashine inayofanya kazi mara chache. Mwenye gari anachaji nyumbani, anakwenda kazini kwa betri, na jenereta inaamka tu anapokwenda mbali. Kama itaunguza mafuta zaidi siku hizo chache, kitu gani? Nakubali hoja yote, kisha naifuata hadi inakoishia. Mashine inayofanya kazi mara chache inapaswa kuwa ya bei ndogo kuliko kitu chochote. BMW walilielewa hili: gari lao la i3 la mwaka 2013 lilipotakiwa kuwa na jenereta ya akiba, walichukua injini ya silinda mbili kutoka kwenye skuta yao wenyewe, mashine iliyokuwa tayari inatengenezwa kiwandani. Turbini yenye shafti inayopimwa kwa mikroni na beringi zinazoelea juu ya utando wa hewa haiwezi kushindana na skuta kwa bei. Na hata skuta hiyo haikudumu, kwani BMW walipoikuza betri ya i3, waliiondoa sokoni Ulaya. Hapa ndipo pigo la kweli lilipotoka. Kila nyongeza ya betri inapunguza siku ambazo jenereta inahitajika, na hoja ya kwamba inahitajika mara chache, iliyokuwa ngao ya turbini, ikawa hoja ya kuiacha kabisa. Jaguar wenyewe walianza kuuza I-Pace mwaka 2018, gari la betri ya kilowati-saa 90, bila jenereta ya aina yoyote.

Mbona basi magari ya kasi hasa? Naona kwamba turbini ilikwenda huko kwa sababu ndiko mahali pekee ambapo ughali wake ungefichika. Bei ya gari lote ikiwa kubwa kiasi hicho, bei ya turbini haionekani, na sauti ya ndege inakuwa pambo. Capstone, ambao kazi yao ilikuwa kuuza jenereta kwa majengo na visima vya mafuta, walipotaka kutazamwa mwaka 2009 waliifunga turbini yao ndani ya bodi ya gari la kasi la kampuni ya Factory Five, wakaliita CMT-380 na kulipeleka maonyesho ya Los Angeles. Techrules walikwenda Geneva mwaka 2016 na magari yenye mota sita, kilowati 768 na madai ya kilomita 2,000 kwa safari moja. Mwaka uliofuata wakaleta gari lao la Ren lililochorwa na Giorgetto Giugiaro na mwanawe Fabrizio. Yalikuwa mabango, tena mazuri, ya teknolojia iliyokuwa inatafuta mteja kwingine. Na mteja wa kwingine alikuwepo kweli. Turbini ya Capstone iliyo chini ya hoteli au hospitali hailaumiwi kwa asilimia 26, kwa sababu joto linalobaki huchemsha maji ya kuogea na ya kufulia, na hasara ikawa bidhaa. Gari la kasi linamwaga joto hilo hilo barabarani.

Wanaoijua kazi hii kwa karibu walihama pia. Ian Wright, mmoja wa waanzilishi wa Tesla, alijenga kwanza gari la umeme lenye kasi ya kutisha, kisha akaligeuzia kisogo na kuanza kufunga turbini kwenye malori ya taka, ambayo husimama na kuondoka mamia ya mara kwa siku na hula mafuta mengi kiasi kwamba kila lita inayookolewa inahesabika. Bladon nao waliachana na magari wakaunda jenereta ya kilowati 12 kwa ajili ya minara ya simu, wakiilenga Afrika na India. Hapo ndipo turbini inapopata mtetezi mwenye akili timamu. Mnara uko mlimani, hauna umeme wa gridi, na jenereta ya dizeli inadai oili mpya na chujio jipya kila baada ya mamia machache ya saa. Kumtuma fundi na gari kutoka mjini kwa ajili ya oili ni gharama inayoweza kuzidi ile ya mafuta yenyewe. Mashine yenye kiungo kimoja kinachozunguka juu ya hewa, isiyotumia oili ya kulainisha, ina jambo la kusema mlimani ambalo haikuwa nalo Paris.

Limebaki pingamizi moja, na hili ndilo ninaloliheshimu kuliko yote: uzito. Betri ikikua, gari linakuwa zito, na gari la kasi lililo zito limepoteza nusu ya maana yake. Rimac Nevera la Kroatia, lililozinduliwa mwaka 2021 na betri ya kilowati-saa 120, lina kilo zaidi ya 2,100. Ariel, kampuni ndogo ya Somerset, Uingereza, iliyojijengea jina kwa magari mepesi, ilijibu mwaka 2022 kwa toleo jipya la gari lake la Hipercar, lenye betri ya kilowati-saa 62 na turbini ya Cosworth ya kilowati 35, likiwa na kilo kama 1,550. Tofauti hiyo ni kubwa na ni ya kweli. Lakini mota za Hipercar zina kilowati 880. Zikifunguliwa zote, betri itakwisha kwa dakika nne na sekunde chache, na turbini itahitaji karibu saa moja na dakika arobaini na tano kuijaza upya. Uwanjani, basi, msaada wake ni asilimia 4 tu ya nguvu ya gari. Barabarani mambo ni tofauti: kilowati 35 zinatosha kulitembeza gari jepesi kwa mwendo wa barabara kuu bila kugusa betri, kwa muda wowote ambao tangi lina mafuta. Turbini hiyo inamrudisha dereva nyumbani baada ya mbio, na uhai wa turbini hiyo unategemea kama kuna wanunuzi wa kutosha wanaolipeleka gari la namna hiyo uwanjani kwa kuliendesha wenyewe, badala ya kulipakia kwenye trela.